MTOKI NI KITALU CHA KINGA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Masasi na Newala

Somo hili limepigwa chapa ili mwanafunzi aliyelisikia redioni aweze kulisoma tena polepole. Mwalimu wa darasa aandike maneno haya matano ubaoni kabla ya kuanza: tezi, limfu, folikuli, kitalu, kingamwili. Aje pia na punje chache za kunde zilizolowekwa maji usiku kucha, na kisu kidogo.

Hamjambo, ndugu wasikilizaji. Hamjambo ninyi wa Masasi mnaokaa chini ya vilima vya mawe, na ninyi wa Newala mnaokaa juu ukingoni, mnaolitazama bonde la Ruvuma kila asubuhi. Leo tutajifunza habari ya kitu ambacho kila mmoja wenu anacho mwilini, wala si kimoja bali mamia. Kitu hicho ni tezi ile ambayo ikivimba tunaiita mtoki.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mtu amekwenda shambani kupalilia mikorosho. Jembe limempitia kidole cha mguu. Anafunga kitambaa, anaendelea na kazi. Siku ya pili au ya tatu anaona kinena kinamuuma. Anapapasa, anakuta uvimbe kama haragwe, unateleza chini ya ngozi. Sasa fikirini. Kidonda kiko kidoleni, na mtoki uko kinenani. Kwa nini mahali pasipoumizwa ndipo palipovimba?

Wako watu wanaojibu kwamba ugonjwa umepanda. Basi wanaukanda mtoki kwa nguvu, au wanauchanja kwa wembe, au wanauchoma ili “damu mbaya” itoke. Jibu hilo si sahihi, na matendo hayo yana hatari. Mtu anaweza kutiwa kidonda kipya mahali palipokuwa pakimfanyia kazi. Basi tusikilize vizuri ni kazi gani inayofanyika pale.

MAJI YA MWILI NA NJIA ZAKE

Damu hupita katika mishipa. Lakini mishipa midogo kabisa haishiki maji yote. Maji kidogo huvuja na kuingia katika nyama, nayo huzilisha na kuzisafisha. Maji hayo hayaachwi yakae. Iko mifereji myembamba mno inayoyakusanya na kuyarudisha katika damu, karibu na mifupa ya mabega. Maji yakiwa ndani ya mifereji hiyo huitwa limfu. Kwa siku moja lita kadhaa hupita kwa njia hii.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Husaidiwa na mwendo wetu: tukitembea, tukilima, tukivuta pumzi, nyama hubana mifereji na limfu husogea mbele. Ndani ya mifereji kuna vizuizi vidogo kama milango ya upande mmoja, isirudi nyuma. Ninyi wa mikoa ya kusini mmewaona watu wenye matende. Matende hutokea pale minyoo midogo inayoletwa na mbu inapoiharibu mifereji hii. Maji hukosa njia, na mguu hujaa.

Sasa, njiani limfu lazima ipite katika vituo. Vituo hivyo ndivyo tezi za limfu. Mtu mzima anazo mamia, na nyingi ni ndogo: nyingine kama punje ya mtama, nyingine kama kunde. Limfu ya mguu hupita katika tezi za kinena. Limfu ya mkono na ya titi hupita katika tezi za kwapa. Limfu ya kinywa, meno, masikio na kichwa hupita katika tezi za shingo na za chini ya taya.

Basi fumbo letu limefumbuka. Uchafu ulioingia kwa kidonda cha kidole umechukuliwa na limfu mpaka kituo cha kinena. Huko umekamatwa. Ukiona mtoki, jambo la kwanza ni kurudi nyuma katika njia hiyo ili utafute kidonda, jipu, funza au jino bovu.

Mwalimu asimame hapa kidogo. Kila mwanafunzi aweke vidole viwili chini ya taya yake na kupapasa taratibu, bila kubinya. Wengine watagusa tezi ndogo laini isiyouma. Hilo ni jambo la kawaida.

NDANI YA TEZI

Kateni sasa punje ya kunde katikati. Tezi ya limfu ina umbo la namna hiyo hiyo, na ina ganda la nje. Lakini ndani yake imejaa chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Chembe hizo huitwa seli.

Ziko seli za namna mbili tunazotaka kuzijua leo, seli B na seli T. Kila moja ina sehemu yake ya kukaa. Seli T hukaa zaidi kuelekea ndani. Seli B hukaa karibu na ganda, zimekusanyika katika viviringo vidogo vidogo. Kila kiviringo huitwa folikuli. Tezi ikiwa imetulia, folikuli zake ni ndogo, na seli zake zinafanana zote, kama mbegu ndani ya kikapu.

Kila seli B ina umbo la kushikia juu ya ngozi yake, na umbo hilo linashika alama moja tu ya adui. Moja hushika alama ya ugonjwa huu, nyingine ya ugonjwa ule. Mwili huzitengeneza nyingi mno, za maumbo mbalimbali, bila kujua ni adui gani atakayekuja. Kwa hiyo seli zinazoweza kumshika adui mmoja maalumu ni chache sana. Nyingi huishi na kufa bila kukutana na mtu wao.

Pengine mtauliza, kwa nini zinaitwa B? Jina hilo limetokana na kuku. Karibu na tundu la nyuma la kuku mchanga kuna kifuko kidogo, na jina lake la Kilatini ni bursa. Zamani hakuna aliyejua kazi yake. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, mtafiti Bruce Glick aliwatoa kuku kifuko hicho ili aone watakuwaje. Mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kufundishia darasa lake jinsi damu inavyojikinga, akapewa wale wale. Akawadunga sindano, akatazama damu yao. Wengi hawakuwa na kinga iliyotazamiwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1956. Watu wakatambua kwamba kile kifuko ndicho kinachozilea seli hizo katika kuku. Sisi binadamu hatuna kifuko hicho. Seli B zetu hutoka katika uboho wa mifupa.

ADUI ANAPOFIKA

Turudi kwa mtu wetu aliyekatwa na jembe. Saa chache baada ya kuumia, seli za ulinzi zilizo chini ya ngozi, zenye matawi kama mizizi, humkamata adui na kuchukua alama zake. Zinasafiri nazo katika limfu mpaka kwenye tezi. Huko zinazionyesha kwa seli T. Alama nyingine hufika zenyewe, zikielea katika limfu, na kunaswa na seli B.

Mara tezi hubadilika. Seli zinazopita humo kwa kawaida huzuiwa zisitoke upesi, na nyingine nyingi huitwa ziingie kutoka katika damu. Waingiao wanazidi watokao. Ndiyo maana tezi huvimba katika siku za mwanzo, na ganda lake likivutika, mtu huona maumivu.

Ndani yake, zile seli B chache zilizomshika adui husogea mpaka kwenye mpaka wa folikuli, zikutane na seli T. Hapo pana sharti. Seli B haiendelei mbali bila idhini ya seli T iliyomjua adui yule yule. Sharti hili ni la busara, maana mwili ukitengeneza silaha ovyo unaweza kujipiga wenyewe.

Seli B zikipata idhini hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huanza mara moja kutengeneza silaha za haraka, ambazo si kali sana lakini zinafaa kwa dharura. Kundi la pili hurudi katikati ya folikuli na kuanza kujigawa: moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane. Baada ya muda wa karibu juma moja, folikuli iliyokuwa ndogo imekua. Ukiikata tezi hiyo na kuitazama kwa darubini ya maabara, utaona kila kiviringo kina duara jeupe katikati, na ukingo mweusi kuizunguka.

Mwaka 1884 mtaalamu wa Ujerumani, Walther Flemming, aliyaeleza maduara hayo. Aliona seli nyingi humo zikijigawa, akayapa jina lenye maana ya mahali pa kuotea. Nasi katika somo hili tutaliita duara hilo kitalu.

KAZI YA KITALU

Neno kitalu hamhitaji kufundishwa. Mkulima wa korosho anajua kwamba miche haioti yote sawa. Anaotesha mingi, anaimwagilia, anaitazama. Ulio dhaifu anauacha. Ulio na nguvu ndio unaokwenda shambani, kwa sababu mkorosho utasimama miaka mingi, na makosa ya kitalu yatakula mavuno ya miaka hiyo yote.

Kitalu cha folikuli kina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa kuotesha. Hapo seli B hujigawa kwa haraka kubwa, mara mbili au zaidi kwa siku. Kila zinapojigawa, zinabadilisha kidogo lile umbo la kushikia. Mabadiliko hayo hayana mpango. Mengine yanalifanya umbo limshike adui vizuri zaidi, na mengi yanaliharibu.

Upande wa pili ni wa kuchagua. Hapo pana seli nyingine zenye matawi, zimezitandaza alama za adui kama nguo juu ya kamba. Kila seli B hujaribu kushika alama. Iliyoshika kwa nguvu huchukua kipande na kumpelekea seli T, ambaye hapa ni kama bwana shamba anayekagua miche. Akiridhika, seli hiyo hupewa ishara ya kuishi, na mara nyingi hurudishwa upande wa kwanza iote tena. Isiyoweza kushika hukosa ishara, hufa, na huliwa na seli walaji walio humo humo. Seli nyingi zinazozaliwa katika kitalu hufa. Hiyo si hasara, ndiyo kazi yenyewe ya uchaguzi.

Mzunguko huo hurudiwa tena na tena kwa siku nyingi. Mwishowe wanabaki wale wanaomshika adui kwa nguvu kuliko wazazi wao walioanza kazi.

Kutoka katika kitalu hutoka seli za namna mbili. Za kwanza ni watengenezaji wa kingamwili. Kingamwili ni silaha yenye umbo lile lile la kushikia, lakini sasa imeachiwa huru katika damu. Humganda adui na kumzuia asiingie katika seli za mwili, au humtia alama ili aliwe. Baadhi ya watengenezaji hao huhamia katika uboho wa mifupa, nao wanaweza kuendelea na kazi miaka mingi. Za pili ni seli za kumbukumbu. Hizi hukaa kimya zikingoja. Siku adui yule akirudi, hazianzi tena mwanzo. Huamka na kufanya kazi upesi.

Adui akiisha, kitalu hufifia. Maduara meupe hupungua, seli nyingi huondoka au kufa, na tezi hunywea polepole. Ndiyo maana mtoki unaweza kukaa siku nyingi baada ya kidonda kupona. Kazi ya ndani ilichelewa kuanza, nayo huchelewa kumalizika.

UGONJWA ULIOPEWA JINA NEWALA

Sasa tusogee kutoka kidonda cha mguu mpaka ugonjwa wa nchi nzima. Katika miaka ya 1952 na 1953, wakati nchi yetu ilipoitwa Tanganyika, ugonjwa mgeni uliingia katika uwanda wa juu wa Makonde na sehemu za jirani. Watu walipata homa kali ya ghafla, upele, na maumivu makubwa ya viungo hata wakashindwa kujinyoosha. Wamakonde wakauita kwa lugha yao chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson na mtaalamu W. H. R. Lumsden waliandika habari zake, zikachapishwa mwaka 1955. Jina hilo la Kimakonde ndilo linalotumika leo katika hospitali za dunia nzima.

Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, katika taasisi ya utafiti wa virusi. Huko R. W. Ross alivipata virusi vyenyewe katika damu iliyochukuliwa mwaka 1953. Virusi vilipatikana pia katika mbu aina ya aedesi, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kupenda kuzaa katika maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani. Wazee wenu wa Newala wanaijua sababu. Juu ya uwanda mvua huzama katika mchanga, na chemchemi ziko chini mabondeni. Maji yaliyopandishwa kichwani kwa taabu hayakumwagwa. Yaliwekwa ndani katika mitungi, siku nyingi, na mbu akapata nyumba.

Mgonjwa wa chikungunya hulala na homa kwa siku chache, mara nyingi isiyozidi juma. Baadhi yao tezi huvimba zikaonekana. Wengi hawaoni mtoki wowote. Lakini uonekane usionekane, kazi ile ya ndani hufanyika. Silaha za haraka huanza kuonekana katika damu katika juma lile la kwanza, wakati virusi vinapopungua. Vitalu huendelea baada ya homa kutoka. Maumivu ya viungo kwa wengine huweza kudumu miezi, lakini kwa kawaida aliyepona chikungunya haipati tena.

Jinsi vitalu vilivyofanya kazi tunaweza hata kuihesabu. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka katika kisiwa cha Lamu, Kenya, wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji nyumbani. Watafiti walipima damu ya watu katika mwezi wa Oktoba mwaka huo. Katika kila watu 100, karibu 75 walikuwa na kingamwili za ugonjwa huo. Hakuna aliyewafungua tezi zao. Damu ilitoa ushahidi kwamba mwili ulikutana na adui na kumjibu.

CHANJO: KAZI BILA UGONJWA

Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake yuko mahali penye ulinzi mkubwa. Hajakutana na wadudu wa dunia. Anapozaliwa, tezi anazo, lakini vile vitalu vyenye duara jeupe bado hana. Kwa muda analindwa na kingamwili za mama, zilizopita katika kondo la nyuma na katika maziwa. Vitalu vyake mwenyewe huanza pale anapokutana na kitu cha kumwamsha.

Kinachomwamsha kinaweza kuwa ugonjwa wenyewe, nao unaweza kumwua au kumwacha kipofu, kama surua ifanyavyo. Kinaweza pia kuwa chanjo. Chanjo humpa mtoto alama za adui, au adui aliyedhoofishwa, ili kitalu kiote bila mtoto kupita katika hatari ya ugonjwa. Homa ndogo au uvimbe kidogo baada ya sindano mara nyingi ni dalili kwamba kazi imeanza. Haina maana kwamba mtoto ametiwa ugonjwa.

Akina mama huuliza kwa nini mtoto arudishwe kliniki mara nyingi. Chanjo nyingine hutolewa akiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa kwa miezi 9, na tena kwa miezi 18. Katika chanjo zile za majuma, kila mara seli za kumbukumbu huamshwa, vitalu huota tena, na wanaotoka ni wenye nguvu zaidi. Kwa surua iko sababu nyingine pia: baadhi ya watoto hawaitiki vizuri mara ya kwanza, na chanjo ya pili huwapata hao. Mama anayeacha katikati ni kama mkulima aliyeotesha miche akaiacha kabla ya kuichagua.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usichanje mtoki, usiuchome, usiubinye kwa nguvu. Tafuta chanzo chake katika njia ya limfu. Safisha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike, utoe funza kwa kifaa safi, au umwone daktari wa meno.

Pili, nenda zahanati bila kukawia ukiona haya: mtoki ni mwekundu, wa moto na unauma sana, una usaha, mgonjwa ana homa kali, au mstari mwekundu unapanda kutoka kidondani. Hapo adui amekizidi kituo nguvu, na dawa inahitajika.

Tatu, nenda pia kama mtoki hauumi lakini haupungui baada ya majuma mawili au matatu, au unazidi kukua, au ni mgumu kama jiwe na hausogei, au uko juu kidogo ya mfupa wa bega. Mitoki ya shingoni inayokua polepole bila maumivu inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho kinatibika. Mitoki ya mahali pengi kwa wakati mmoja, inayodumu, inaweza kuwa dalili ya virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo hushambulia zile seli T, yaani wale mabwana shamba wetu, na bila dawa vitalu huharibika mwishowe. Anayepima mapema na kumeza dawa kila siku hulinda tezi zake. Uvimbe mwingine unaweza kuwa saratani, nayo ni heri ionekane mapema.

Nne, kila homa ya ghafla ipimwe malaria kwanza. Usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Na mitungi, mapipa na madumu ya maji yafunikwe vizuri, yasuguliwe ndani kila juma. Kufunika mtungi ni kazi ya dakika moja, na humwokoa mtu na miezi ya kukunjika viungo.

Ndugu wasikilizaji, mwili hautupi neno la kusema unapofanya kazi. Hutupa dalili tu: maumivu, joto, uvimbe. Mtu aliyejifunza kusoma barua anaweza kujifunza kusoma dalili pia. Ukikutana na mtoki, jiulize unamjibu nani, umeanza lini, na unapungua au unakua. Majibu ya maswali hayo matatu uyaandike katika daftari lako, uende nayo zahanati. Yatamsaidia mganga sana. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Mtu ana jipu mkononi. Mtoki utatokea wapi, na kwa nini?

2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya folikuli iliyotulia na folikuli yenye kitalu.

3. Kwa nini seli nyingi za kitalu hufa? Je, ni hasara?

4. Hesabu: seli moja inajigawa mara 2 kwa siku. Kama hakuna inayokufa, zitakuwa ngapi baada ya siku 5? (Jibu: 1,024.) Ukizianza seli 10 badala ya moja, zitakuwa ngapi?

5. Mazungumzo: katika kijiji chenu watu hufanya nini wakiona mtoki? Lipi liendelee, na lipi liachwe?

6. Kazi ya nyumbani: hesabu vyombo vya maji vya nyumbani kwako. Vingapi vina vifuniko? Andika jibu na ulilete darasani.